Jinsi ishara za kemikali zinavyoziongoza seli za neva katika ubongo unaokua

MADA KUU: Ukuaji na Uratibu

Malengo

Ukimaliza somo hili uweze:

1. Kueleza mahali seli za neva zinapozaliwa na kwa nini ni lazima zihame.
2. Kutofautisha ishara za kuita na ishara za kufukuza, na kutoa mfano wa kila moja.
3. Kueleza kazi ya kipokezi katika kuamua seli ielekee wapi.
4. Kueleza, kwa mifano mitatu, kinachotokea safari ya seli inapokwama.
5. Kutaja mambo ya mazingira yanayoharibu ukuaji wa ubongo wa mtoto tumboni.

Kwa nini usiruke somo hili

Watahiniwa wengi hukariri sehemu za ubongo na kazi zake, kisha wanaishia hapo. Swali likiuliza "ubongo unajengwaje?" wanaandika kwamba seli hugawanyika mpaka ubongo unakuwa mkubwa. Jibu hilo ni nusu tu. Kugawanyika kwa seli kunakupa rundo la seli, na rundo la seli si ubongo, kama vile rundo la matofali lisivyo nyumba. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, na karibu zote zilihama kutoka zilikozaliwa hadi mahali zinapofanya kazi. Hapo katikati ndipo lilipo somo letu.

Somo hili pia linaunganisha mada ambazo umezisoma mbalimbali: muundo wa seli, msambao, protini, jeni, homoni na balehe. Mtungaji wa mtihani hupenda swali la namna hiyo, kwa sababu linamwonesha nani ameelewa na nani amekariri.

1. Mambo ya kukumbuka kabla ya kuendelea

*Seli ya neva* ina sehemu kuu tatu: mwili wa seli wenye kiini, dendraiti zinazopokea taarifa, na akzoni, uzi mrefu unaopeleka taarifa kwa seli nyingine.

*Msambao* ni mwendo wa molekuli kutoka penye ukolezi mkubwa kwenda penye ukolezi mdogo. Ukiweka tone la wino kwenye glasi ya maji, karibu na tone rangi ni nzito na mbali na tone rangi ni hafifu. Tofauti hiyo ya ukolezi kutoka mahali hadi mahali inaitwa *mteremko wa ukolezi*. Shika neno hili. Litarudi mara nyingi.

*Kipokezi* ni protini iliyo kwenye utando wa seli. Kila kipokezi hushikana na molekuli ya umbo linalolingana nacho, kama kufuli na ufunguo wake. Molekuli ikishikana na kipokezi, mabadiliko huanza ndani ya seli.

2. Seli za neva zinazaliwa wapi?

Katika wiki ya tatu baada ya utungisho, sehemu ya tabaka la nje la kiinitete hunenepa na kuwa kama mkeka mwembamba. Kingo za mkeka huo huinuka, hukunjana, kisha huungana na kufanya *mrija wa neva*. Kufikia siku ya 28 hivi mrija huwa umefungwa. Sehemu yake ya mbele huvimba na kuwa ubongo. Sehemu inayobaki huwa ugwe mgongo.

Ndani ya mrija kuna uwazi wenye majimaji. Seli zilizopanga ukuta unaouzunguka uwazi huo hugawanyika kwa kasi na kuzaa seli za neva. Kwa hiyo seli za neva huzaliwa upande wa ndani, lakini nyingi zinahitajika upande wa nje, linapojengwa gamba la serebramu. Kati ya kuzaliwa na kufanya kazi pana safari.

Safari hiyo ina hatua mbili, usizichanganye:

(a) *Kuhama kwa seli nzima.* Mwili wa seli pamoja na kiini chake husogea kutoka mahali pa kuzaliwa hadi mahali pa kudumu.

(b) *Kurefuka kwa akzoni.* Kwa kawaida mwili wa seli ukishatulia, akzoni huendelea kukua na kusafiri hadi iifikie seli inayotakiwa kuungana nayo. Baadhi ya akzoni hurefuka hata kabla ya seli kufika.

Hatua zote mbili huongozwa na ishara za kemikali.

3. Ishara zenyewe ni nini?

Ishara za kuongoza seli za neva ni molekuli, nyingi zikiwa protini, zinazotengenezwa na seli zilizo njiani au kwenye kituo cha mwisho. Tunazigawa kwa namna mbili.

*Kwa athari yake:* kuna ishara za kuita, ambazo seli huzifuata, na ishara za kufukuza, ambazo seli huzikwepa.

*Kwa umbali wake:* kuna ishara zinazosambaa kwenye majimaji kati ya seli na kufika mbali kidogo, na kuna zile zinazobaki zimeshikamana na uso wa seli, ambazo huhisiwa kwa kugusana tu.

Ukipita karibu na mama anayekaanga vitumbua, harufu inakuvuta kabla hujamwona. Ukipita karibu na jalala unazungukia upande wa pili wa barabara. Hizo ni ishara za mbali. Lakini ukipapasa ukuta gizani ili ufike mlangoni, ukuta unakuongoza kwa kugusa tu. Seli ya neva hutumia njia zote hizo kwa pamoja.

Makundi manne ya protini yanayotajwa zaidi ni haya:

- Netrini. Husambaa. Huita akzoni nyingi, lakini nyingine huzifukuza.
- Sliti. Husambaa. Kwa kawaida hufukuza. Kipokezi chake kinaitwa Robo.
- Semaforini. Nyingine husambaa, nyingine hubaki kwenye uso wa seli. Nyingi hufukuza.
- Efrini. Hubaki kwenye uso wa seli. Hufanya kazi kwa kugusana, na mara nyingi hufukuza.

Wazo la kwamba kemikali huongoza neva lilikuja mapema kuliko ushahidi wake. Mwanasayansi wa Hispania, Santiago Ramón y Cajal, aliona kwa hadubini mwaka 1890 kwamba ncha ya akzoni inayokua imetanuka kama koni yenye vidole vingi vyembamba. Akapendekeza kwamba ncha hiyo hufuata kemikali. Hakuwa na njia ya kuzitambua kemikali hizo. Netrini zilitengwa mwaka 1994 na kundi la Marc Tessier-Lavigne nchini Marekani, kutoka katika ubongo wa maelfu ya viinitete vya kuku. Zaidi ya miaka 100 ilipita kati ya wazo na uthibitisho. Swali likikuuliza tofauti ya nadharia tete na ushahidi, mfano huu unafaa.

4. Seli "inasomaje" ishara?

Ncha ya mbele ya seli inayosafiri ina vipokezi vingi. Tuseme upande wa kulia wa ncha kuna netrini nyingi na upande wa kushoto kidogo. Yafuatayo hutokea kwa mpangilio:

1. Vipokezi vingi zaidi hushikana na netrini upande wa kulia kuliko kushoto.
2. Ndani ya seli, upande wa kulia, nyuzi za protini iitwayo aktini hujengwa kwa wingi.
3. Nyuzi hizo husukuma utando wa seli, nao unachomoza vidole upande wa kulia.
4. Vidole vinashika sehemu iliyo mbele, na ncha inavutwa kuelekea huko.
5. Kama ni seli nzima inayohama, kiini nacho huvutwa mbele kwa msaada wa mirija midogo ya protini iliyo ndani ya seli, kisha sehemu ya nyuma hujikunyata na kufuata.

Ikiwa ishara ni ya kufukuza, nyuzi za aktini upande huo huvunjwa, vidole vinanywea, na ncha inageukia upande wa pili.

Zingatia sana: ishara haiamui peke yake, kipokezi nacho kinaamua. Kengele ya shule ni moja, lakini ikilia saa nne wanafunzi wanatoka nje na mwenye kantini anaingia ndani. Mlio haukubadilika. Tofauti iko kwa anayeusikia. Vivyo hivyo, seli yenye kipokezi kiitwacho DCC huitwa na netrini, lakini seli yenye kipokezi cha UNC5 pia hufukuzwa na netrini hiyohiyo. Na seli isiyo na kipokezi chochote cha netrini hupita kama kiziwi.

5. Mfano wa kwanza: ghorofa sita za gamba la ubongo

Gamba la serebramu lina tabaka sita. Linajengwa kwa utaratibu unaowashangaza wengi: seli zinazozaliwa mwanzo hukaa tabaka za chini, na zinazozaliwa baadaye huzipita hizo na kwenda kukaa juu yake. Wapangaji wa kwanza wanachukua vyumba vya chini, na kila anayekuja nyuma yao anapanda zaidi. Utaratibu huu huitwa *kujengwa kutoka ndani kwenda nje*.

Seli hupandaje? Kuna seli ndefu za glia ambazo nyuzi zake zinaanzia kwenye ukuta wa ndani hadi uso wa nje, zimesimama kama mirunda kwenye jengo linaloendelea kujengwa. Seli changa za neva huzishika nyuzi hizo na kupanda. Pasko Rakic alionesha jambo hili katika ubongo wa kima mwaka 1972.

Sasa, nani anaiambia seli ishuke kwenye mrunda na ipishe wengine? Juu kabisa, karibu na uso wa ubongo, kuna seli zinazotoa protini iitwayo rilini. Seli inayopanda ina vipokezi vya rilini. Rilini inaisaidia kukamilisha safari na kujipanga kwenye tabaka lake.

Ushahidi ulitoka kwa panya. Mwaka 1951 Douglas Falconer, akiwa Edinburgh, alieleza juu ya panya wa maabara waliokuwa wakipepesuka na kuanguka walipotembea. Ubongo wao ulipochunguzwa, tabaka za gamba zilionekana zimevurugika: seli za mwisho kuzaliwa zilikwama chini ya zile za kwanza. Mwaka 1995 jeni iliyoharibika ikatambuliwa, na protini yake ikapewa jina la rilini. Seli za panya wale zilikuwepo, tena nyingi. Kilichokosekana ni ishara.

Kwa binadamu, kasoro kubwa katika jeni ya rilini husababisha ubongo kuwa laini, wenye mikunjo michache, na serebelamu ndogo. Kuna pia ubongo laini unaosababishwa na kasoro katika jeni iitwayo LIS1. Hapa ishara ipo, lakini mitambo ya kuvuta kiini ndani ya seli ni dhaifu. Linganisha: mmoja hakusikia anaitwa, mwingine alisikia lakini miguu haikuweza. Matokeo yanafanana, chanzo ni tofauti.

6. Mfano wa pili: kwa nini ubongo wa kushoto huongoza mkono wa kulia?

Umefundishwa kwamba upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili. Hilo huwezekana kwa sababu akzoni nyingi huvuka mstari wa kati wakati wa ukuaji. Kuvuka huko kunahitaji ishara mbili, kwa zamu.

Chukua akzoni zinazovuka katika ugwe mgongo unaokua. Kwanza, netrini inayotoka kwenye sakafu ya mrija wa neva na kwenye sehemu nyingine za ukuta wake huziita akzoni kupitia kipokezi cha DCC. Akzoni zinasogea hadi mstari wa kati. Lakini zikiendelea kuitwa zitabaki palepale. Ndipo ishara ya pili inapoingia. Sakafu hiyohiyo hutoa Sliti, inayofukuza. Kabla ya kuvuka, akzoni haijali Sliti. Baada ya kuvuka, kipokezi cha Robo huanza kufanya kazi kikamilifu juu ya utando wake, na sasa akzoni inafukuzwa mbali na mstari wa kati. Haiwezi kurudi ilikotoka.

Mahali ni palepale, ishara ni zilezile. Kilichobadilika ni vipokezi vya msafiri.

Mwaka 2010 watafiti walionesha kwamba kasoro katika jeni ya DCC inaweza kusababisha hali inayoitwa *mienendo ya kioo*. Mtu akikunja vidole vya mkono wa kulia, vya kushoto navyo hujikunja bila kukusudia. Akiandika kwa mkono mmoja, mwingine unaiga. Baadhi ya nyuzi zinazopeleka amri kutoka kwenye ubongo hazikugawanyika vizuri kulia na kushoto.

7. Mfano wa tatu: safari kutoka puani hadi balehe

Huu ndio mfano unaounganisha mada nyingi zaidi, kwa hiyo usome polepole.

Katika mada ya homoni umejifunza mnyororo huu: haipothalamasi hutoa homoni inayoichochea tezi ya pituitari. Pituitari hutoa FSH na LH. Hizo huchochea korodani na ovari, na balehe huanza.

Seli za neva zinazotoa homoni ile ya kwanza kwenye haipothalamasi ni chache sana, elfu chache tu. Na hazizaliwi kwenye ubongo. Huzaliwa sehemu ya pua ya kiinitete. Kutoka hapo hufuata nyuzi za neva za kunusa, hupenya kuingia sehemu ya mbele ya ubongo, kisha hushuka hadi haipothalamasi. Njia nzima ina protini zinazoziongoza, zikiwemo semaforini na protini iitwayo anosmini.

Ikiwa neva za kunusa hazikukua vizuri, seli hizi zinakosa barabara. Zinakwama nje ya ubongo, karibu na pua. Mtoto anazaliwa mwenye afya, anakua na kusoma kama wengine. Kisha wenzake wanabalehe, yeye habalehe. Na ukimuuliza, atakuambia kwamba hasikii harufu ya kitu chochote, hata ya kitunguu kinachoungua. Hali hii inaitwa *ugonjwa wa Kallmann*, kwa jina la Franz Josef Kallmann aliyeueleza mwaka 1944. Huonekana kwa wavulana zaidi kuliko wasichana, na sababu mojawapo ni kwamba jeni ya anosmini iko kwenye kromosomu X.

Kutonusa na kutobalehe ni dalili mbili ambazo juujuu hazihusiani, lakini chanzo chake ni kimoja. Na ni hali inayotibika: homoni zinazokosekana zinaweza kutolewa hospitalini, na wengi hubalehe na hata kupata watoto kwa matibabu. Kijana wa umri wako ambaye habalehe hahitaji kuchekwa bwenini wala kupelekwa kwa mganga. Anahitaji kupimwa na daktari.

8. Mambo yanayoharibu safari

Ishara zinaweza kuvurugwa na jeni, kama tulivyoona, au na mazingira ya mama mjamzito.

*Pombe.* Huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Huua baadhi ya seli za neva na kuvuruga uhamaji wa nyingine. Hakuna kiwango cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito.

*Zebaki.* Huko Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956 ulitokana na kiwanda kilichomwaga zebaki ya methili baharini. Watu walikula samaki. Baadhi ya wanawake waliokuwa na dalili ndogo walizaa watoto wenye madhara makubwa ya ubongo. Iraki, mwaka 1971 hadi 1972, watu walikula mkate wa ngano ya mbegu iliyotiwa dawa yenye zebaki hiyo. Uchunguzi wa ubongo wa watoto wachanga waliofariki ulionesha seli za neva zilizoishia njiani. Hili linatuhusu: wachimbaji wadogo wa dhahabu katika maeneo kama Geita na Migori hutumia zebaki kuchenjua dhahabu. Zebaki ikifika majini, bakteria huibadilisha kuwa ya methili, nayo huingia kwa samaki.

*Mionzi.* Kati ya watoto waliokuwa tumboni mabomu yalipopigwa Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945, hatari ya ulemavu mkubwa wa akili ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokuwa na umri wa wiki 8 hadi 15 tangu kutungwa mimba. Hicho ndicho kipindi ambacho seli nyingi za gamba huzaliwa na kuhama.

*Upungufu wa asidi ya foliki.* Huu huzuia mrija wa neva kufungwa vizuri, na mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Kwa kuwa mrija hufungwa kabla ya siku ya 28, wanawake wengi bado hawajajua kuwa ni wajawazito. Ndiyo maana hushauriwa kutumia mikrogramu 400 za asidi ya foliki kwa siku *kabla* ya kupata mimba. Mboga za majani, maharage na maini yana foliki pia.

Neno moja la ziada. Seli zilizokwama mahali pasipo pake zinaweza kuwa chanzo cha kifafa au ulemavu wa akili. Vyanzo vya hali hizo ni vingi, na hiki ni kimojawapo. Lakini ukishajua kwamba safari ya milimita chache inaweza kukosewa mtoto akiwa bado tumboni, utakuwa mtu wa mwisho kusema kwamba mtoto wa jirani amelogwa au kwamba mama yake ana laana.

9. Makosa ya kuepuka katika mtihani

- *Kuandika kwamba ishara hizi ni homoni.* Homoni husafirishwa na damu. Ishara za kuongoza husambaa umbali mfupi kati ya seli, au hukaa kwenye uso wa seli.
- *Kuzichanganya na kemikali za kwenye sinapsi.* Zile hupeleka taarifa kati ya seli zilizokwisha kuungana. Hizi huongoza seli kabla hazijaungana.
- *Kuandika kwamba seli "inaamua" au "inataka".* Andika kwamba kipokezi hushikana na ishara, kisha aktini hujengwa au kuvunjwa. Maneno "inasikia" na "kiziwi" niliyotumia ni ya kukusaidia kuelewa, si ya kuandika kwenye karatasi ya majibu.
- *Kusema mgongo wazi unatokana na seli kutohama.* Mgongo wazi unatokana na mrija wa neva kutofungwa, hatua iliyotangulia safari za seli.
- *Kusema netrini huita daima.* Inategemea kipokezi.

10. Maswali ya marudio

1. Taja tofauti mbili kati ya ishara za kuongoza seli za neva na homoni. (alama 4)

2. Seli A na seli B ziko karibu na chanzo cha netrini. A inakisogelea chanzo, B inakikimbia. Eleza. (alama 4)

3. Chukulia kwamba seli ya neva husafiri mikromita 20 kwa saa. Itachukua muda gani kusafiri milimita 4? (alama 3)

4. Kijana wa miaka 18 hajabalehe na hana uwezo wa kunusa. Eleza jinsi tatizo moja la ukuaji linavyoweza kusababisha dalili zote mbili. (alama 6)

5. Kwa nini pombe au mionzi katika wiki ya 10 ya ukuaji tumboni ni hatari zaidi kwa gamba la ubongo kuliko kwa mtu mzima? (alama 4)

Majibu ya mfano

1. (i) Homoni husafirishwa na damu, na ishara za kuongoza husambaa kati ya seli au hubaki kwenye uso wa seli. (ii) Homoni hutolewa na tezi na hufanya kazi maisha yote mahali pengi mwilini, na ishara za kuongoza hutolewa na seli za njiani au za kituo cha mwisho na kazi yake kubwa ni wakati wa ukuaji. (Kila tofauti alama 2.)

2. Seli A ina kipokezi cha DCC (1). Netrini ikishikana nacho, aktini hujengwa upande wa chanzo na seli huvutwa huko (1). Seli B ina kipokezi cha UNC5 (1). Netrini ikishikana nacho, aktini huvunjwa upande wa chanzo na seli hugeukia upande mwingine (1).

3. Milimita 4 = mikromita 4,000 (1). Muda = 4,000 ÷ 20 = saa 200 (1). Saa 200 ÷ 24 = siku 8 na saa 8 (1).

4. Seli za neva zinazotoa homoni ya kuchochea pituitari huzaliwa sehemu ya pua (1), na husafiri kwa kufuata neva za kunusa hadi haipothalamasi (1). Neva za kunusa zisipokua vizuri, mtu hakosi pua bali hukosa uwezo wa kunusa (1). Seli nazo hukosa njia na hazifiki haipothalamasi (1). Pituitari haichochewi, hivyo FSH na LH hazitolewi vya kutosha (1). Korodani au ovari hazichochewi, na balehe haianzi (1).

5. Katika wiki ya 10 seli nyingi za gamba huwa zinazaliwa na kuhama (2). Zikiuawa au zikikwama, tabaka za gamba hazijengwi kwa mpangilio, na kosa hilo hudumu (1). Kwa mtu mzima uhamaji huo umekwisha kamilika (1).

Muhtasari wa kubeba kichwani

Seli za neva huzaliwa upande wa ndani wa mrija wa neva na kuhamia zinakohitajika. Ishara za kemikali huita au hufukuza. Kipokezi huamua seli itaitikiaje. Aktini na mirija midogo ya ndani hufanya kazi ya kusogea. Ishara, kipokezi au mitambo ya kusogea ikiharibika, seli hukwama, na madhara hutegemea ilikuwa inakwenda wapi.

Funga kitabu sasa. Chukua karatasi, chora mrija wa neva, kisha onesha kwa mishale safari tatu: ya gamba, ya mstari wa kati, na ya kutoka puani. Kwenye kila mshale andika jina la ishara moja. Ukiweza bila kuchungulia, nenda somo linalofuata.